Eda Yangu na Sufuria ya Mujaaja

Mabinti wa Nabuyonga,

Wiki iliyopita mlikuja kwangu kuomba niwafundishe kukeneka, yaani kutoa kwa mvuke, mafuta ya majani, na mmoja wenu, ambaye simtaji kwa sababu mama yake ni rafiki yangu, akaniuliza huku akitabasamu: "Bibi, ni kweli kwamba ujanani ulikuwa mwanamke wa manukato?" Wenzake walicheka. Mimi niliwamiminia chai, nikaongea juu ya mvua, na mkaondoka bila kuambiwa neno hata moja la kile kilichowaleta. Nimekasirika tangu siku hiyo. Ninaandika nikiwa bado nimekasirika, kwa kuwa nikingoja hasira ipoe nitawaandikia maneno laini, na kazi hii haifundishwi kwa maneno laini.

Sikuwa mwanamke wa manukato. Nilikuwa mkenekaji. Kuanzia Februari 1953 nilisimama mbele ya sufuria ya shaba yenye kimo cha kifua changu, kwanza Jinja, katika karakana moja ya Nalufenya, na baadaye hapa Mbale, na nikayatoa mafuta katika majani kwa moto, maji na subira. Mafuta yale yalikwenda kwa watengeneza sabuni na kwa wenye maduka, waliowauzia watu wenye kifua na watu waliosumbuliwa na mbu. Jina hilo la manukato nililisikia mara ya kwanza mwaka 1956, kutoka kwa mtu aliyetaka kuninyang'anya kazi. Mkilirudia mbele yangu, mnarudia maneno yake. Sasa mjue ni maneno gani.

Lakini mmea kwanza.

Mujaaja mnauona kila mahali, na ndiyo sababu hamuuheshimu. Watu wa pwani wana kivumbasi chao, ndugu yake au yeye mwenyewe. Haukuletwa na meli wala na misheni; ni wa hapa. Huota kando ya njia, kwenye mipaka ya mashamba ya kahawa, na mahali palipolimwa kisha pakaachwa. Lizungusheni shina lake kati ya vidole, mtahisi pembe nne. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana. Maua ni madogo, meupe yenye umanjano kidogo, yamepangwa ngazi kwa ngazi juu ya kikonyo, na hayana sura ya kumsimamisha mpita njia. Nyuki ndio husimama. Ni mmea unaodumu: ukikatwa vizuri huchipua tena mwaka hadi mwaka, mpaka sehemu ya chini inakuwa mti kabisa. Ukikatwa na mtu mwenye haraka, unakufa, na mtu huyo husema udongo ni mbaya.

Aliyetuletea majani ya Mbale alikuwa Nambozo, Mgisu kutoka miteremko ya mlima, mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika ng'ambo ya bonde. Aliyapeleka Jinja kwa lori la pamba ambalo mume wangu alikuwa dereva wake. Siku moja ya mwaka 1954 nilikwenda naye mlimani, nikashika panga, nikaanza kukata chini kabisa karibu na ardhi.

"Wee mama!" Nambozo akapiga kelele. "Unakata mti ama unanyoa kichwa? Acha majani chini hapo, itakula nini?"

Basi shikeni hilo. Kata juu ya goti, uache majani ya kuulisha mzizi. Kata umande ukishakauka, wakati nusu ya kikonyo imechanua na nusu bado. Kabla ya hapo mafuta ni machache, baada ya hapo yamekwenda kwenye mbegu. Usirundike. Tandaza kivulini siku moja yanyauke, kwa sababu jani lililonyauka huchukua nafasi ndogo katika sufuria na halipotezi kitu. Juani hupoteza kila kitu, nawe utabaki kukeneka nyasi. Mkipanda kwa mbegu, msizifukie. Zinyunyizeni juu ya udongo, mzikandamize kwa kiganja, basi. Kila mwaka nilimwona mtu akizichimbia shimo kama mahindi, na kila mwaka mtu huyo alikuwa mwerevu sana.

Mwenye karakana alikuwa mjane wa Kihindu tuliyemwita Ba, kama wajukuu zake walivyomwita. Alivaa sari nyeupe tangu nilipomjua. Mumewe alikuwa ametoka India na ujuzi wa kukeneka maua. Alipofariki, watoto walitaka kuiuza shaba, na Ba akaikalia. Namaanisha hivyo hasa: aliweka kiti chake mbele ya mlango wa karakana akakaa, hadi wakanyamaza. Yeye ndiye aliyenifundisha. Kiswahili chake kilikuwa cha duka, lakini hakikuwahi kunipoteza.

"Zenabu, wewe funga macho," aliniambia wiki ya kwanza. "Sikia sufuria. Kama naimba, moto kidogo. Kama nalia, moto mingi sana. Kama nanyamaza, kimbia."

Alikuwa sahihi. Mvuke mzuri una sauti ya mtu anayepuliza chai. Ukisikia kutokota, moto umezidi na mafuta yanaungua. Ukisikia kimya, njia imeziba mahali. Kifuniko tulikiziba kwa udongo. Ba alisema kwao hutumia udongo wa mto uliokandwa pamoja na pamba. Sisi tulichukua udongo wa kichuguu, tukaukanda na pamba chafu iliyotupwa na viwanda vya kuchambua, na ulishika kuliko ule wa kwao, jambo ambalo Ba alilikubali mara moja tu, kwa Kigujarati, akidhani hatuelewi.

Tena Ba alikuwa na sheria zake kuhusu mmea wenyewe. Siku ya kwanza alipouona mujaaja hapa Uganda, alikunja mikono mbele yake na kuinamisha kichwa. Kwao kuna mmea mtakatifu unaopandwa uani na kusalimiwa asubuhi, na huu, alisema, ni dada yake wa porini. Kwa hiyo karakanani hatukuingia na viatu. Majani hayakukatwa Jumapili, wala jua likishatua. Mimi ni Mwislamu, mjukuu wa askari waliotoka Sudan, na sikuwa na sababu ya kuinamia jani. Lakini kuvua viatu hakunigharimu kitu, na Jumapili nilifua nguo.

Aliyepata shida ni Kirunda, Msoga aliyechochea moto wetu. Kirunda alikuwa amefanya kazi ya kufunga robota za pamba, na pamba hushindiliwa kwa miguu. Asubuhi moja ya Agosti 1955 alipanda ndani ya sufuria na kuyashindilia majani vivyo hivyo, kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Tukafunga, tukawasha. Sufuria ikaimba kidogo, kisha ikanyamaza. Mimi nilikimbia. Kirunda alisogea karibu kutazama. Kifuniko kilipanda hadi kwenye bati la paa, na Kirunda akabaki amesimama, kijani kuanzia nywele hadi kiuno, mzima, anashangaa.

Ba aliingia. Hakuuliza kuhusu kifuniko wala paa.

"Nani weka miguu juu ya majani?"

"Mimi, Ba."

"Miguu! Juu ya hii! Miguu!"

"Lakini Ba," Kirunda akasema, akijitoa jani mdomoni, "si ndiyo hii tunachemsha kila siku? Kuchemsha ni heshima, kukanyaga ndiyo dharau?"

"Chemsha ni kazi. Kanyaga ni tabia."

Tulicheka hadi machozi, Kirunda akiwa wa kwanza. Majani yapangeni kwa mikono, yakiwa yamelegea, mvuke upate njia. Kirunda hakuwahi kukosea tena, na hakuna aliyemwacha asahau.

Jambo moja zaidi mnapaswa kulijua kabla sijafika kwenye hasira yangu. Mafuta haya hayatoki mwilini. Si kwamba hutoka kwa shida, hayatoki. Sabuni huyapunguza kwa saa chache, kisha jasho huyarudisha. Hukaa katika ngozi ya vidole, katika nywele, katika kitambaa cha kichwa kilichofuliwa mara mbili. Harufu yake ni kali, ya karafuu na ya dawa. Marehemu mume wangu, Ramadhani, alisema gizani angenipata bila taa. Sikuwa ninajipaka. Mwokaji mikate hajipaki mkate.

Ramadhani alifariki kwa kichomi Alhamisi, tarehe 8 Machi 1956, nyumbani kwetu Walukuba, Jinja. Aliniachia watoto wawili, Saidi na Rehema. Sitaandika zaidi juu ya siku hiyo.

Mabinti ambao si Waislamu wajue kwamba mjane kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo. Hulala nyumbani alimofia mumewe. Haposwi, hajipambi, havai dhahabu, hajitii hina, udi wala manukato. Niliikubali eda yangu kwa moyo wangu wote. Nilivaa nguo moja nyeupe na nyingine nyeupe. Lakini mvua za Machi zilikuwa zimeanza, mijaaja ilikuwa imestawi mlimani na kando ya ziwa, na Nambozo alikuwa akileta mizigo. Ba alikuja kunipa pole, akakaa mkekani. Kisha akasema kwamba mwanawe amekwisha kumwita binamu yake kutoka Kampala, kijana anayejua kidogo kukeneka.

"Mimi nasema ngoja Zenabu. Yeye nasema majani hapana ngoja. Wewe kuja lini?"

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Nikikaa ndani hadi Julai, sufuria ingekuwa na mtu mwingine, na mtu akishaizoea sufuria haitoki mikononi mwake. Bila kazi hiyo nisingekuwa na njia ya kubaki katika vyumba vyetu vya Walukuba, na ningepelekwa Mbale, kwa shemeji yangu Idrisa, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa amekwisha kuamua Saidi ataanza kuchunga mbuzi wa nani. Idrisa hakuwa mkatili. Alikuwa na hakika tu, na mtu mwenye hakika hana haja ya kuwa mkatili.

Nilikwenda kwa sheikh wetu Jumatatu, tarehe 26 Machi, nikiwa na jirani yangu, Mzee Farajalla, askari mstaafu ambaye Walukuba nzima ilimwita Afande. Nilimweleza sheikh kazi yangu yote, tangu panga hadi chupa. Alisikiliza vizuri. Akasema: mwenye haja hutoka mchana kutafuta riziki na kurudi kulala kwake, kinachokatazwa ni kujipamba, harufu inayomshika mtu kwa kazi yake bila kukusudia si kujipamba, nioge na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani, niendelee. Nilimshukuru. Kesho yake alfajiri nilikuwa Nalufenya, na Ba aliponiona alimwambia mwanawe neno moja tu, na binamu wa Kampala hakuonekana.

Nilifuata kila sharti. Nilioga karakanani, nikabadili nguo, nikafunga kitambaa kingine. Na kila jioni wifi yangu Halima, dada wa marehemu, aliyekuja kwa matanga akabaki kunisaidia watoto, alinisogelea karibu zaidi kuliko salamu inavyodai, akavuta pumzi.

Nilikuwa ninanuswa, mabinti. Nyumbani kwangu, katika msiba wangu, kama nyama inayoshukiwa sokoni. Siku moja nilimkuta ameshika kitambaa changu kilichokuwa kwenye kamba, amekiweka puani.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Natafuta kama sabuni imetoka."

"Na imetoka?"

"Imetoka. Kuna kingine hakijatoka." Akakirudisha kambani, akakinyoosha vizuri. "Wanawake wanasema, Mama Saidi. Mimi sisemi. Wanasema kaka yangu hata udongo haujamkauka, na mkewe anapita njiani ananukia kama bibi harusi."

Wanawake hao nilikuwa nimewapikia katika misiba yao. Wiki ile hakuna aliyeingia kwangu. Walipita mbele ya mlango wakizungumza kwa sauti juu ya bei ya ndizi. Halima akapeleka habari Mbale, na Alhamisi, tarehe 5 Aprili, shemeji Idrisa akateremka basi Jinja akiwa amevaa koti lake jeusi la sherehe.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Alikusudia kuja karakanani pamoja na sheikh, kumwambia Ba kwamba mimi sifanyi kazi tena, kisha waswali, kisha nianze kufunga mizigo. Mambo yangu yote yangemalizwa na watu wengine kati ya chai na chakula cha mchana. Afande Farajalla alijiunga nao njiani bila kualikwa.

Walinikuta nimekwisha kuwasha. Sufuria ikishaanza kuimba haiachwi. Hilo halibadiliki hata aje nani. Ba aliwavulisha viatu mlangoni, akawaonyesha magunia ya kukalia. Halima alisimama nje akitazama kupitia dirishani.

"Mama," Idrisa alimwambia Ba, "tumekuja kwa heshima. Huyu ni mke wa marehemu ndugu yangu. Yuko katika eda. Dini yetu haimruhusu kugusa manukato, na hapa ni nyumba ya manukato. Kwa hiyo leo ni mwisho."

"Hapa nyumba ya moto," Ba akasema. "Manukato iko dukani, ndani ya chupa, na karatasi yake. Wewe naona chupa wapi?"

"Sihitaji kuona. Nanusa."

"Haya. Nusa. Kaa chini nusa vizuri."

"Shemeji," nikasema, "sogea kidogo kushoto, umeziba hewa ya moto."

Akasogea. Kirunda akainamia kuni ili asionekane uso.

Idrisa aliongea asubuhi nzima. Aliongea juu ya jina la familia, juu ya mwanamke kurudi njiani jioni, juu ya Nabuyonga, kwake Mbale, ambako kuna nafasi na hewa nzuri. Mwanamke wa manukato: hapo ndipo alipolisema, mara mbili, na mara ya pili alikuwa amelizoea. Mimi nilibadilisha maji ya pipa yanayopoza bomba, nikasikiliza sufuria, nikatazama mafuta yakianza kuelea juu ya maji katika chupa ya kupokelea, manjano, tone baada ya tone. Mvuke unaotoroka ulijaza chumba, kama kawaida. Sheikh alihesabu tasbihi yake na kutazama sakafu.

Hatimaye nilimgeukia.

"Sheikh, Jumatatu ile uliniambia nini?"

"Mama Saidi, mambo ya familia yanataka subira."

"Sikukuuliza kuhusu subira. Nimekuuliza ulichoniambia."

"Tutalitazama. Baada ya swala, inshallah."

"Afande alikuwepo."

"Nilikuwepo," akasema Afande. "Na masikio yangu bado ni ya serikali."

Sheikh akarudia tasbihi yake. Naandika hili waziwazi: sikumkasirikia Idrisa siku ile kama nilivyomkasirikia sheikh. Idrisa alisema aliyoyaamini. Sheikh alijua, akakaa juu ya gunia na ujuzi wake kama mtu aliyekalia barua ya mwenziwe. Saa sita walisimama, wakavaa viatu, wakaenda msikitini. Idrisa aliniambia atarudi alasiri na kijana wa kubeba vitu. Niliendelea na moto. Niliyatenga mafuta na maji kama kila siku.

Yaliyotokea msikitini niliyapata kwa Afande, aliyerudi akitembea kwa kasi isiyolingana na goti lake, akakaa kwenye ngazi ya karakana, akacheka hadi kofia ikaanguka.

Mnajua kwamba kwa mwanamume kujipaka uturi siku ya Ijumaa ni jambo la kusifiwa. Idrisa alipoingia na kukaa safu ya mbele, aliyekuwa kulia kwake akavuta pumzi akasema, "Mashallah, mgeni wetu! Uturi gani huu? Wa Mbale?" Idrisa akatabasamu. Wa nyuma akamgusa bega: "Ndugu, utuuzie na sisi." Bado akatabasamu. Ndipo mzee mmoja mchuuzi, ambaye hukaa njia ya Nalufenya na ambaye mkewe alikuwa mmoja wa wale waliosema, akasema kwa sauti, "Lakini hii si ile ya mjane wa Ramadhani?"

Msikiti ukageuka kumtazama.

"Wallahi sikujipaka kitu!" Idrisa akasema, amesimama nusu. "Sijagusa chupa! Nimekaa tu pale wanapofanya kazi. Nimekaa tu! Inajishika yenyewe!"

"Basi na yeye?" Afande akauliza kutoka safu ya pili, kwa ile sauti ya gwaride. "Yeye, bwana, hukaa pale tangu alfajiri."

Kulikuwa na kimya, Afande aliniambia, kama cha sufuria kabla ya kifuniko kuruka. Baadaye, swala ilipokwisha, sheikh alisimama. Akasema: "Mmemsikia kwa kinywa chake. Yeye hakujipaka, na mjane hakujipaka. Anatafuta riziki ya mayatima, na eda yake ni sahihi. Mwenye kumsema tena amseme kwanza shemeji yake." Watu walicheka kwa neno la mwisho. Idrisa alitoka mlango wa upande, akapanda basi la mchana kurudi Mbale, na koti lake la sherehe, kwa ninavyojua shaba na mujaaja, lilinukia hadi Sikukuu.

Afande alitegemea nicheke naye. Sikucheka, na leo bado sicheki. Maneno ya sheikh yalikuwa yale yale aliyoniambia mimi Jumatatu, bila nyongeza. Yalikuwa kweli wakati ule pia. Lakini yalipokuwa kweli juu ya mwanamke peke yake, yaliwekwa mfukoni. Ilibidi yaingie katika koti la mwanamume ndipo yasikike hadi barabarani. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Wanawake walianza tena kuingia kwangu, mmoja mmoja, wakiwa na sahani, wakizungumza juu ya bei ya ndizi, safari hii wakiwa ndani. Niliwapokea. Sikusahau hata jina moja.

Na kazi ilibaki yangu. Mwaka 1959 Ba alipoamua kuweka sufuria ya pili hapa Mbale, karibu na majani ya Nambozo, mimi ndiye niliyepewa kuisimamia. Nikaja Nabuyonga kwa miguu yangu mwenyewe, nikapanga nyumba yangu, mtaa wa pili kutoka kwa shemeji. Mwaka 1961, nikiwa na miaka thelathini na minne, nikaingia darasa la jioni la wanawake, nikajifunza kusoma na kuandika. Vitu vya kwanza nilivyoweza kuandika bila msaada vilikuwa tarehe. Nilikwenda Jinja kwa Afande, ambaye alijua kila siku ilikuwa lini kama jeshi lilivyomfundisha, nikamwambia anirudishie zote za mwaka 1956, nami nikaziandika. Ndiyo maana ninazo. Watu wengine huhifadhi picha.

Ninyi mnataka kukeneka, nami nitawafundisha. Mtakuwa na harufu ambayo haitoki. Mtaipeleka kwenye harusi, kanisani, msikitini, hospitali, kitandani. Watu watavuta pumzi na kuamua wenyewe ninyi ni nani. Mtoto wenu wa kike atakuja siku moja na swali ambalo mmoja wenu aliniuliza mimi, akitabasamu vile vile. Msimmiminie chai.

Eda yangu ilikwisha Jumamosi, tarehe 14 Julai 1956. Kwetu mjane hatoki eda peke yake: wanawake huja asubuhi, wakamwogesha, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi na kumpaka manukato mbele ya wote, ili ulimwengu ujue ameruhusiwa tena kunukia. Walikuja wengi. Walijaa chumba na ukumbi. Halima, aliyekuwa amerudi kwao, alikuja kutoka Mbale kwa basi la kwanza, akiwa na kichupa kidogo cha manukato ya bei kubwa, chenye karatasi ya dhahabu, kutoka duka zuri. Aliwapita wengine, akakifungua mbele yangu, akakitia kidole.

"Leta shingo, wifi," akasema kwa upole kabisa, na nadhani alimaanisha. "Sasa ni halali."

Nilikuwa nimekwisha kuvaa nguo za kazi. Nambozo alikuwa ameleta mizigo jana yake. Majani yalikuwa yamenyauka vizuri, na Kirunda alikuwa akingoja nije niyapange.

"Jipake wewe," nilimwambia. "Mimi nachelewa kazini."